Niko na Kifua

Kama unasoma hii ukiwa umeweka mkono upande wa kushoto wa kifua, usiuondoe kwa sababu yangu. Mimi niliuweka pale karibu mwaka mzima, hadi dada yangu akaanza kuniita Wimbo wa Taifa. Ninakuandikia wewe uliyepimwa, ukaambiwa huna kitu, ukarudi nyumbani na hicho kitu ambacho huna, na kikaendelea kukudunga.

Sitakueleza moyo unavyofanya kazi. Baiolojia na mimi tuliachana siku ya mtihani wa Fomu Foo na hatujatafutana tena. Na kabla sijasahau: nenda upimwe kwanza. Usisome maneno ya mfuma sweta ukadhani umetibiwa.

Ndiyo, nafuma sweta za shule. Naitwa Wekesa, naishi Kitale na dada yangu mkubwa, Nasimiyu, ambaye ana saluni karibu na soko. Yeye hutoka asubuhi, mimi hubaki. Tangu utotoni mimi ni mtu wa nyumba. Ni mimi kijana pekee ninayemjua aliyewahi kuombewa kanisani ili atoke nje.

Mashine yangu iko chumba cha mbele. Ni ubao mrefu wenye sindano nyingi, na juu yake kuna kichwa cha chuma ambacho unakisukuma kwa mikono miwili kutoka kushoto kwenda kulia, krrr, halafu kurudi, krrr. Kila kikipita, safu moja ya sweta imeingia. Sheria ni moja tu: usikiache kichwa katikati ya safu. Ukikiacha, nyuzi zinaponyoka kwenye sindano na kazi ya asubuhi nzima inafumuka mbele ya macho yako.

Ilikuwa msimu wa kupanda mahindi, shule zikikaribia kufunguliwa muhula wa pili. Nilikuwa kwenye mkono wa sweta ya kijani. Kitu kikanidunga chini ya titi la kushoto, kama mtu ameingiza sindano ya mashine na kuisokota. Nikasimama kuona kama kitapita. Moyo ukaanza kukimbia, vidole vikafa ganzi, mdomo ukakauka, na nyumba ikawa kama imesogea mbali nami ingawa nilikuwa ndani yake. Nikaacha kichwa katikati ya safu. Mara ya kwanza maishani. Nikaketi sakafuni nikiutazama ule mkono wa kijani ukifumuka uzi kwa uzi, na nikawaza: ni ile ya mzee.

Mzee wetu, yaani baba, alikuwa karani katika ofisi ya serikali Bungoma. Alikufa mchana mmoja akiwa kazini, mimi nikiwa darasa la saba. Siku ya mazishi baba mdogo alisimama mbele ya watu, kama ilivyo desturi kwetu kwamba ni lazima watu waambiwe kilichomwua mtu, akasema, "Kifua kilimbana, akaenda." Lakini ninachokumbuka zaidi ni Mama. Alikuwa anachambua mboga simu ilipolia. Alisikiliza, akaiweka simu chini, akaendelea kuchambua. Alimaliza mboga nzuri, kisha akaanza kuchambua yale majani mabovu aliyokuwa ameyatupa, moja baada ya jingine, mpaka majirani walipokuja wakamshika mikono.

Kwa hivyo nikiwa pale sakafuni, kilichonitisha sana si kufa. Mtu akishakufa hana kazi nyingi. Kilichonitisha ni simu ile kumfikia Mama mara ya pili.

Nilimpigia Nasimiyu simu, naye akanipeleka hospitali akiwa bado ameshika kitana. Kama hujawahi kukaa kwenye lile benchi refu la wagonjwa, nikufundishe: hamna namba wala hamwitwi kwa jina, mnasongea. Wa mbele akiingia, nyote mnainua matako na kusogea nafasi moja, na unakalia joto la mtu aliyekutangulia. Kwa kuwa nilifikiri ninakufa na sikuwa na kazi nyingine, nilianza kuyachunguza hayo majoto. Mzee mmoja aliyekuwa mbele yangu aliacha joto la mkate. Mimi nilikuwa baridi. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu alikalia nafasi yangu akasema, "Huyu kijana ni mgonjwa ama ni friji?"

Walinipaka kitu baridi kifuani, wakanibandika nyaya. Muuguzi aliangalia karatasi ikitoka, akaangalia kifua changu.

"Hiki ni kifua cha kazi gani?"

"Kufuma sweta."

"Eh. Moyo uko sawa. Usiwe na wasiwasi."

Wakapiga picha, mapafu yako sawa, usiwe na wasiwasi. Wakatoa damu, damu iko sawa, usiwe na wasiwasi. Nilitoka pale nikiwa mzima kabisa kwa karatasi, na nikafika mpaka langoni kabla hakijanidunga tena.

Kuanzia hapo mwili ulianza kubadilika, na nakiri nilikuwa nauangalia kwa hamu kama mtu anayefuatilia jirani mpya. Niliacha kulala upande wa kushoto. Niliacha chai ya majani, halafu sukari, halafu maharagwe, kila nilichokula siku ambayo kifua kilinidunga. Nilitembea kama niliyebeba trei ya mayai. Suruali ikaanza kushuka. Kidole changu kilikaa shingoni kikitafuta mpigo mpaka pakatokea alama. Na kila hospitali niliyokwenda nilikuwa naomba Mungu mambo mawili kwa pamoja: wasione kitu, na waone kitu.

Jambo moja sikuweza: kubaki peke yangu. Mimi, niliyekuwa naombewa nitoke. Nasimiyu akishika mlango tu, kinadunga. Akaanza kuchelewa kufungua saluni. Halafu akawa ananibeba twende naye. Nilikuwa naketi kwenye kona ya saluni na uzi wangu, wateja wakidhani nimekuja kusukwa. Siku moja mteja aliondoka na nywele nusu kwa sababu mimi nilikuwa nimelala chini ya sinki nikisema buriani.

Jioni ile Nasimiyu hakunipigia kelele. Afadhali angepiga.

"Weke, mimi nakupenda. Lakini siwezi kuajiriwa na kifua chako."

"Ati unafikiri najifanya?"

"Sifikiri hivyo. Nafikiri Mama anafaa kujua."

"Mama asijue."

"Basi wewe ufe polepole, mimi nifunge saluni, na yeye aulize watoto wake walienda wapi."

Mama alikuwa hajui kwa sababu ya neno moja, na hapa ndipo ujanja wangu ulinirudia.

Mama anaishi nyumbani, upande wa Kimilili. Alikuwa ananipigia simu kila Jumapili baada ya kanisa. Mara ya kwanza alipouliza, "Sauti yako iko hivi kwa nini, uko mgonjwa?" sikutaka kumdanganya na sikutaka kumwambia ukweli. Nikasema, "Niko na kifua kidogo, Mama."

Kwetu mtu akisema ako na kifua, anamaanisha anakohoa. Kuumwa kifua ni jambo lingine, hilo ndilo la mzee. Kwa hivyo nilisema ukweli mtupu, kifua nilikuwa nacho, na yeye akasikia kikohozi. Nilijiona wakili. Wiki iliyofuata nilipokea kifurushi cha limau, tangawizi na asali, na chupa ya kitu cheusi ambacho mpaka leo hatujui ni nini, Nasimiyu anatumia kuua kunguni.

Shida ya kifua kidogo ni kwamba kina muda wake. Mei kilikubalika. Juni kilikubalika, ilikuwa baridi. Mahindi yalipofika ya kuchoma na mimi bado niko na kifua, Mama akamwambia rafiki yake wa kanisa, rafiki akawaambia kina mama wengine waombe, na unajua maombi yanavyopanda mlima. Kufikia Agosti kifua kidogo kilikuwa kimekua, kimekuwa kifua kikuu.

Mama akanipigia siku isiyo Jumapili. "Kuja nyumbani."

Nilipofika, nilipewa kikombe changu peke yangu, kimefungwa uzi mwekundu kwenye mkono wake. Binamu zangu walinisalimia kutoka kwa ua. "Niaje Weke, kaa tu hapo hapo, tunakuona vizuri." Dirisha la chumba changu lilikuwa limefunguliwa na kupigiliwa msumari lisifungike.

Asubuhi yake akaja mama mmoja wa mtaa wetu aliyefunzwa kuzunguka nyumba akiuliza watu afya zao. Sisi humwita Daktari, na yeye huitika. Alikuwa na kikopo chenye kifuniko.

"Ya asubuhi, kabla ya chai. Kohoa kutoka chini kabisa. Usinirete mate, mate ata mtoto anaweza."

"Mimi sikohoi, Daktari."

"Mama yako amesema uko na kifua tangu Mei."

Ningesema nini? Nilisimama nyuma ya jikoni na kikopo, nikajaribu kukohoa kikohozi nilichokuwa nimekitunga mwenyewe. Nilikohoa mpaka kuku wakaacha kula wakanitazama. Yeye alikuwa kando akinihimiza kama refa. "Hapana. Hiyo ni mate. Tena. Vuta. Hapana, mate." Nilipotoa kitu kidogo alikiinua kwenye mwanga, akakiangalia kwa huruma, akasema, "Tutajaribu nayo."

Majibu yalirudi safi. Mama alikata ule uzi mwekundu kwa meno, na nikadhani yameisha. Kumbe ndiyo yanaanza. Alasiri hiyo alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya jikoni, ungo wa mboga mapajani, akichambua.

"Kama si kifua kikuu," akasema bila kuniangalia, "na mimi tangu umefika sijakusikia ukikohoa ata mara moja, basi ni nini?"

Niliitazama mikono yake. Nimekwambia mikono ile niliiona ikifanya nini siku ya simu. Nilitafuta neno lingine la katikati, nikakosa. Maneno ya katikati yalikuwa yameisha.

"Mama, sikohoi. Ninaumwa kifua. Upande huu. Kama mzee."

Mikono ilisimama. Jani lilibaki kati ya vidole. Moyo wangu ulikimbia nikausikia masikioni, na nikawa nimejiandaa kuruka nimshike kama majirani.

"Kama mzee gani?" akauliza.

"Mzee wetu. Si kifua kilimbana."

Aliweka ungo chini.

"Nani amekwambia?"

"Baba mdogo. Alisema mbele ya watu wote."

Mama akafanya kitu ambacho sikukitarajia. Aliguna, ule mguno wa mtu aliyepata kijiko alichokuwa anakitafuta kwenye sufuria iliyo mbele yake.

"Wekesa, baba yako hakuumwa kifua. Baba yako alisema tumbo. Wiki nzima tumbo, tumbo. Anakunywa ile dawa ya gesi kwa maji ya moto, anaenda kazini. Siku ile pia aliondoka hapa ameshika tumbo."

"Na baba mdogo?"

"Baba yako mdogo alifikiri vizuri. Mtu akifa na tumbo, watu watauliza alikura nini. Wakishauliza alikura nini, watauliza nani alipika." Akainua ungo tena. "Na ni nani alikuwa anapika? Sasa wewe ungetaka nizikwe na yeye? Akasema kifua. Kifua hakina mpishi."

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Miaka yote hiyo nilikuwa nalinda mlango ambao mwizi hakupitia. Baba mdogo alikuwa amechukua neno kifua amfiche nalo Mama, asiulizwe na watu. Mimi nikachukua neno lile lile nimfiche nalo kifua.

"Kwa nini hukuwahi kutuambia?"

"Mlikuwa watoto. Halafu mkawa wakubwa." Alichambua jani moja. Lilikuwa jani zuri, niliangalia. "Na wewe kwa nini ulinificha?"

"Nilifikiri utachambua majani mabovu."

Alielewa. Alinisukumia ungo, akaniambia nimalizie.

Ungefikiri nilipona siku hiyo. Kifua kilinyamaza kweli, siku tatu nne hivi, nikala ugali kama mtu. Halafu tumbo likaanza kuuma.

Nilimwambia Mama nikiwa na aibu. Alicheka mpaka akashika ukuta, halafu ghafla akaenda kuvaa viatu vya kanisani. "Twende Bungoma. Hii kitu inasikia tukiongea."

Bungoma mjini alikataa pikipiki, ati itanirusha moyo, tukabebwa na baiskeli mbili, yeye mbele na mimi nyuma, mikoba mikononi, tukielekea kwa daktari kama maharusi wazee. Chumba cha kungojea kilikuwa na viti vya plastiki, hakuna kusongea. Nililikosa lile joto la benchi, siwezi kukudanganya.

Daktari huyu wa kusomea alikuwa mwanamke asiyemzidi Nasimiyu sana kwa umri. Alisoma karatasi zangu zote, akanipima upya, tumbo na kifua, tena kwa makini. Halafu aliuliza ambacho hakuna aliyekuwa ameniuliza: siku ya kwanza nilikuwa nafanya nini, na nani katika familia alikufa, na nilikuwa na umri gani. Nilimweleza yote, hata ya kikopo. Mwisho akasema, "Maumivu ni ya kweli. Sioni ugonjwa kwenye moyo. Misuli ya kifua huenda inachoka kwa hiyo mashine, siwezi kuapa. Lakini kinachokuangusha chini kina jina. Ni wasiwasi."

Mama alinigeukia. "Si uliambiwa kila mahali usiwe nao?"

Hata daktari alicheka. Lakini ni kweli: kila muuguzi aliutaja ugonjwa wangu mlangoni nikitoka, na mimi nikidhani ananiaga.

Nilimuuliza swali moja langu. Mzee aliyeumwa tumbo, je, ilikuwa moyo ama haikuwa? Akasema moyo wakati mwingine hulalamikia tumboni, na tumbo wakati mwingine hulalamikia kifuani, na kwa mtu aliyezikwa zamani yeye hawezi kujua. Nilitegemea jibu hilo lingeniua. Badala yake nilihisi kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa: huna haja ya kuendelea kupanga foleni.

Basi mahindi yakavunwa, nami nikiwa nakwenda Bungoma na kurudi. Vidonge kwa muda, alivyoniandikia yeye, si vya kuazima kwa jirani. Na kuongea na mshauri, mwanamume mpole mwenye kiti kinachonong'ona, aliyenifundisha kupumua kutoka tumboni. Kupumua. Nilikuwa nadhani hiyo najua. Aliniambia kikidunga nisikimbie wala nisipigane nacho, nikiangalie kinakwenda wapi, kinakaa kiasi gani, kinafanana na nini. Kwa kuangalia, nilikuwa tayari mtaalamu. Nilichokuwa sijui ni kuangalia bila kuandaa mazishi. Kuna wiki nilirudi nyuma kabisa, nikalala chumba cha Mama kwenye mkeka, mtu mzima mwenye ndevu. Asubuhi ya kwanza Mama alinipikia uji tu na kuniuliza kama nimerara. Kwake l na r ni ndugu. Nilimwambia nimerara.

Sweta zinapoitishwa sana ni kabla ya Januari, kwa hiyo Desemba nilirudi Kitale. Nasimiyu alinipokea, akakaa nyumbani siku mbili akijifanya saluni ina ukarabati. Siku ya tatu alisimama mlangoni na mkoba.

"Niende?"

"Enda."

"Nikienda, nimeenda, bana. Siku ya leo niko na bibi harusi."

"Si nimesema enda."

Alienda. Nyumba ikanyamaza. Nikashika kichwa cha mashine, sweta ya kijani tena, nikaanza. Krrr. Krrr. Sijui ilikuwa safu ya ngapi kilipokuja, mahali pale pale chini ya titi, sindano ile ile. Mikono ikataka kuachia. Nikakiangalia. Kilikuwa kikali, kifupi kuliko nilivyokumbuka, na kilikuwa na mdundo kidogo kama mtu anayebisha mlango lakini hana hakika kama ndiyo nyumba. Kichwa kilikuwa katikati ya safu. Nilivuta pumzi kutoka kule chini anakopenda Daktari wa kikopo, nikasukuma hadi mwisho. Halafu nikarudi. Nyuzi zote zilikuwa zimeshika.

Bado kinakuja. Sitakudanganya kwamba hakiji tena. Wiki hii kilikuja nikifua nguo, nikamaliza shati. Sijui ni nini hasa, na madaktari hawajui, na mzee hawezi kuulizwa. Lakini napika, nalala upande ninaotaka, na nyumba ni yangu tena mchana kutwa.

Jumapili iliyopita Mama alipiga simu baada ya kanisa, akauliza kama kawaida yake siku hizi, bila kuzunguka.

"Uko na kifua?"

"Niko nacho, Mama," nikamwambia. "Kiko hapa hapa."

"Basi kiache hapo," akasema, na akaanza kuniambia nani alioa.